Kamba ya Mafundo Tisa

Walisema sitafika popote. Fundi wa baiskeli wa kijijini kwetu, ambaye kibanda chake kiko njia panda na kwa hiyo humwona kila anayeondoka na kila anayerudi, alisema nitafika Kasongo, nitaonja mikate ya mjini, na shule nitaisahau. Nilipomaliza shule ya mapadri pale Kasongo, akasema nitafika Kisangani, nitauza maji barabarani, na nitarudi na redio. Katekista alisema sheria husomwa na watoto wa wanasheria, si na mtoto wa mama anayekamua mawese. Shangazi yangu, aliyenipenda kweli, alisema kwa upole tu: "Sheria iko murefu, mutoto wangu, na weye unachokaga haraka."

Sheria niliimaliza. Nilibeba magunia gatini, nilichapa kazi za wanafunzi wenzangu waliokuwa na wazazi wenye pesa, na makosa yao niliyarekebisha bila kuwadai nyongeza. Leo, katika vijiji vyote vya barabara yetu ya Kabambare, joho la avoka, yaani wakili, ni moja tu, na limetundikwa nyumbani kwangu. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Ila kuna jambo ambalo diploma yangu haikunionyesha mpaka niliporudi.

Nina kaka mmoja, mkubwa wangu, na kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. Yeye ndiye aliyenisomesha kwa miguu yake. Alipakia mchele kwenye baiskeli, akausukuma mpaka Salamabila, akawauzia wachimba dhahabu, na nusu ya alichopata akanitumia. Mwaka wangu wa nne pesa zilichelewa. Mama alituma ujumbe kwamba yaya anaumwa malaria, nisiache masomo. Niliamini. Wiki zile nilikuwa na mtihani wa sheria ya kimataifa ya kibinadamu, ile inayosema nani haguswi wakati wa vita, na nilipata alama ya juu kuliko darasa zima.

Malaria haikuwepo. Yaya alikuwa amesimamishwa kwenye bariyera, kizuizi cha wapiganaji, njiani kwenda machimboni. Kila mpita njia alipaswa kuwa na jeton, kijikaratasi chenye muhuri cha kuonyesha kwamba umewalipa kodi yao ya mwezi. Yaya alikuwa na cha mwezi uliopita. Wakamchukua yeye, mchele na baiskeli, wakamtia andakini. Andaki ni shimo. Lile lilikuwa shimo la zamani la dhahabu, limefunikwa kwa magogo, na ndani yake walikuwamo watu wengine ambao kosa lao lilikuwa la namna hiyo hiyo. Asubuhi walitolewa kubeba mchanga wenye madini, jioni wakarudishwa. Alikaa humo wiki saba.

Wiki ya kwanza mjumbe wa kambi alikuja kwa mama na shati la yaya. Akasema: mbuzi wawili na bidoni mbili za mawese, ama hatatoka. Mama alikopa kwa watu watatu. Akapeleka. Yaya hakutoka. Mjumbe akarudi: sasa ni gramu tano za dhahabu, pesa, na baiskeli nzima yenye matairi mapya, la sivyo watamfukia humo humo. Mama akakopa kwa watu sita wengine. Ndipo yaya akatolewa.

Mama hajui kusoma. Madeni anayatunza kama mama yake alivyoyatunza, kwa kamba nyembamba ya nyuzi za mti, ile anayofungia kuni. Anayekukopesha anakaa mbele yako, unafunga fundo akiona, kamba unaitundika juu ya jiko. Ukimlipa, anaitwa tena, fundo linafunguliwa akiona, na wa kwanza kukopesha ndiye wa kwanza kulipwa. Fundo halifunguliwi kabla ya kulipa. Shughuli moja ikiisha na nyingine ikianza, unaacha nafasi ya kiganja kimoja. Kamba ya yaya ilikuwa na mafundo matatu, kiganja kimoja, halafu mafundo sita.

Niliporudi na pikipiki yangu, suti mbili na diploma ndani ya fremu, nilimkuta yaya anakaa nyuma ya nyumba. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Nilidhani hilo ndilo linalomuumiza. Halikuwa hilo. Chama cha wakulima wa mpunga kilikuwa kinatafuta mtu wa kushika ufunguo wa ghala, na yeye ndiye aliyejua mchele kuliko wote. Walimkataa. Wapiganaji walikuwa wametangaza sokoni kwamba walio andakini wamehukumiwa na korti yao kwa kukataa faini, na tangazo hilo lilibaki vichwani mwa watu hata baada ya wapiganaji wenyewe kutawanyika.

"Wanasema mutu aliyefungwa hawamupe funguo," yaya aliniambia.

"Wewe hukufungwa. Ulikuwa mateka. Ni vitu viwili tofauti kabisa."

"Nani amesema?"

"Sheria."

Alinitazama kama anavyotazama mchele ulioloa. "Basi iseme mbele ya watu. Hapa nyuma ya nyumba nimeshaisikia."

Hicho ndicho alichokitaka, na hakuomba kingine. Nami nilijiona kuwa mtu pekee wa kukileta. Lakini kwanza nilitaka kijiji kijue kwamba nimerudi. Mkopeshaji wa kwanza kwenye kamba, kwa bahati niliyoifurahia sana, alikuwa katekista. Nilihakikisha ni Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nilinunua soda kreti tatu, nikakodi spika, nikamlipa mbuzi wake kwa mbuzi mnene zaidi. Wa pili, mjane jirani yetu aliyekuwa ametoa mbuzi mwenye sikio lililokatwa, nikamlipa. Wa tatu, muuza mawese, nikamlipa bidoni tatu badala ya mbili. Mama alifungua mafundo matatu huku watu wakipiga makofi. Nikatangaza kwamba sita waliobaki watalipwa Noeli, nikishamaliza nyumba ya mama.

Nyumba niliimaliza, ya mabati, jiko nje. Jiko la zamani la ndani lilibomolewa kesho yake baada ya ile Jumapili, na kwa kuwa hakukuwa tena na pa kuitundika penye moshi, mama aliikunja ile kamba akaitia ndani ya kopo la maziwa.

Kabla ya Noeli habari zikaja kwamba mkuu wa ile kambi, ambaye kila mtu alimwita Mkubwa, amekamatwa, na kwamba korti ya kijeshi itasafiri mpaka Kasongo kumhukumu kwa makosa ya kivita. Waathirika walihitaji mawakili, nami nikajiandikisha. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kindu, ambaye wote tulimwita Mama Avoka. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na niseme bila kuficha kwamba nilitaka kinyume chake.

Alinipokea kwenye nyumba ya wageni, mezani kuna faili na sahani ya sombe ya majani ya muhogo. Nikamweleza kesi ya yaya na ya wenzake, nikataja kifungu cha tatu cha mikataba ya Geneva, kile kinachofanana katika mikataba yote minne, na kinachokataza kuchukua mateka hata katika vita vya ndani ya nchi.

"Kifungu nakijua," alisema. "Nataka kujua watasema nini wenzetu upande wa pili."

"Watakana."

"Hawatakana. Avoka wa Mkubwa si mjinga, nimekula naye leo asubuhi. Atasema: ndiyo, walifungwa, lakini kwa kosa, na familia zikalipa faini. Mateka ni nini?"

Nilijibu kama mtihani: mtu ameshikwa, kuna tishio la kumuua au kuendelea kumshika, na lengo ni kumlazimisha mtu mwingine atende jambo ndipo aachiwe.

"Vizuri. Sasa faini na hiyo vinatofautianaje, kwa macho ya mkulima?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa chuoni. Nilifikiri mpaka sombe ikapoa. "Faini inatajwa mara moja," nilisema. "Ukilipa inaisha. Hawa walilipwa, wakadai zaidi. Faini haiongezeki kwa sababu umeilipa."

Aliweka kijiko chini. "Hiyo ni hoja. Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimeitoa kichwani sasa hivi."

"Unaweza kuonyesha kwamba walidai mara mbili?"

"Mama yangu ana kamba," nilisema, nikamweleza jinsi inavyosomwa: kundi la kwanza, dai la kwanza, kiganja, kundi la pili, dai la pili. Macho yake yaling'aa. Nilipokuwa nasema hivyo ndipo nilipoikumbuka ile Jumapili.

"Iko wapi?"

"Kwenye kopo. Ila mafundo matatu ya kwanza yamefunguliwa."

"Na nani?"

"Niliwalipa wale watu."

"Lini?"

"Jumapili moja. Na spika."

Alifunga faili. Kundi la kwanza halikuwepo tena. Kilichobaki ni mafundo sita ya mfululizo, deni moja, dai moja, picha kamili ya faini. Na si hilo tu. "Katekista na wenzake wawili ndio mashahidi wa dai la kwanza," alisema pole pole, "na wewe, avoka wa waathirika, umewapa mbuzi wanene mbele ya watu, miezi michache kabla ya kesi."

"Sikujua kwamba kutakuwa na kesi."

"Mimi nakuamini."

Niliuliza kama hatuwezi kuyafunga tena yale matatu, kwa kuwa kweli yalikuwepo. Alivua miwani. "Kijana, maneno hayo yarudie nikiwa nimetoka nje." Hakutoka, nami sikuyarudia.

Korti ilikaa katika ukumbi ambao siku nyingine hufanyiwa arusi. Majaji watano walikaa jukwaani chini ya mapambo ya karatasi ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaondoa. Msikiti wa jirani ulipoadhini, rais wa korti, kanali mwenye sauti ndogo, alisimamisha kalamu mpaka adhana ikaisha. Nilikuwa nimemngoja Mkubwa kwa hamu ya kuona uso wa mtu wa namna hiyo. Alikuwa na mafua. Aliandika kila kitu kwenye daftari la shule na kumwomba mlinzi wake maji kwa adabu. Kwa siku tatu nilimchunguza nikitafuta kitu cha kuwasimulia watu nyumbani, na sikupata zaidi ya mafua.

Mashahidi waliitwa kwa nambari, na waliotaka walisema wakiwa nyuma ya pazia. Shahidi nambari nne alikuwa mjane jirani yetu. Kanali alimuuliza, kupitia mkalimani, kama wakati ule kulikuwa na vita.

"Hapana, mukubwa," alijibu. "Vita haikukuwa."

Mama Avoka alifumba macho. Pasipo vita hakuna kosa la kivita, na sote tungefunga faili zetu kurudi nyumbani. Avoka wa Mkubwa alianza kuandika haraka. Lakini kanali alikuwa mtu wa kutaka kujua. "Kulikuwa na nini, basi?"

"Wale vijana walikuwa wanapigana na jeshi, kila wiki ao kila wiki mbili. Walikuwa na bariyera yao, na kodi yao, na kambi yao, na mukubwa wao njo yule pale. Siye tulikimbia mara mbili, tukalala porini. Lakini vita, hapana. Vita njo ile ya zamani, yenye iliua bwana yangu."

Nimesoma vitabu vizito vinavyoeleza lini mapigano ya ndani ya nchi yanahesabiwa kuwa vita: kundi liwe na mpangilio na uongozi, mapigano yawe makali na ya kuendelea. Mjane huyo, ambaye hajawahi kukalia dawati, alitaja yote hayo wakati akikataa kwamba yapo. Niliona kanali akiandika mistari mingi. Avoka wa upande wa pili akaacha kuandika.

Yaya alikataa pazia. Alisimama wazi, akaeleza bariyera, andaki, mchanga. Avoka wa Mkubwa alimuuliza anajuaje kwamba mkuu wa kambi alikuwa na habari za wafungwa. Huenda ni vijana tu walifanya kwa tamaa zao.

"Siku moja wakitutoa kubeba, niliona mbuzi amefungwa kwenye baraza ya nyumba yake," yaya alisema. "Sikio moja limekatwa. Nilimujua ule mbuzi toka utoto wake. Nikajua mama amelipa, nikajua leo natoka. Jioni wakanirudisha shimoni. Kesho yake ngozi ilikuwa imeanikwa kwenye paa ya mukubwa."

Nyuma ya pazia mjane alisikika akisema, si kwa korti, kwa nafsi yake tu: "Alikuwa na mimba."

Kisha avoka wa Mkubwa akafanya kile alicholipwa kufanya, na alikifanya vizuri. Alimwita katekista, akamuuliza alipewa nini na nani. Katekista, mtu asiyejua kusema uongo, alisema mbuzi, soda mbili, na kwamba muziki ulikuwa wa sauti kubwa mno kwa siku ya Bwana. Ukumbi ulicheka. Avoka hakucheka. Aliiambia korti kwamba mashahidi watatu wa hilo dai la kwanza wamelishwa na wakili mwenyewe. Kwamba kamba iliyoletwa ina mafundo sita, siyo tisa. Na kwamba kamba yoyote inaweza kufungwa wiki iliyopita. Dai lilikuwa moja. Ilikuwa faini.

Sijawahi kuona aibu kama ile, na mimi si mtu wa kuona aibu. Yaya alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka kunitazama.

Mama aliitwa. Alipewa kamba yake, akaivuta kati ya mikono miwili, akaielekeza dirishani.

"Kanali, weye una macho mazuri?"

"Yanatosha, mama."

"Basi angalia pale penye kiburi ya mutoto wangu."

Kanali alishuka jukwaani. Kamba yote ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, inang'aa kama imepakwa lami. Isipokuwa sehemu tatu, karibu na ncha moja, zilizokuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa, na nyuzi zake zimejipinda. Mama alieleza kwa utulivu wa mtu anayefundisha kupika: moshi hauingii ndani ya fundo. Fundo likikaa miaka juu ya jiko, nje linakuwa jeusi, ndani linabaki jeupe. Hapa palikuwa na mafundo, moja, mbili, tatu. Kisha kiganja. Kisha haya sita. Yale yalifunguliwa kwa kiburi ya mutoto, na toka siku ile kamba haijaona moshi, kwa sababu kiburi hiyo hiyo ilimjengea jiko nje.

Avoka wa Mkubwa alisema weupe unaweza kukwanguliwa kwa kisu. Kanali akafikiri. "Mama, tukifungua moja la haya sita, ndani litakuwa vipi?"

"Jeupe."

"Lifungue basi."

"Hapana."

Mkalimani alisita kulitafsiri, ingawa kila mtu alikuwa ameelewa. Kanali aliuliza kwa nini.

"Mwenye fundo hajalipwa. Hata weye ukinifunga, sifungue."

Hapo kukawa na jambo ambalo hakuna kitabu kilichonitayarisha kwalo. Kanali aliuliza mwenye fundo la mwisho ni nani. Fundi wa baiskeli, yule yule wa njia panda, aliyekuwa amekuja Kasongo kuona nikishindwa na hakulificha hilo kwa mtu, akasimama katikati ya ukumbi. Fundo la tisa lilikuwa lake. Ndiye aliyetoa baiskeli.

"Unakubali lifunguliwe hapa?" kanali aliuliza.

"Nikikubali, deni inaisha?"

"Korti haigusi deni lako."

"Njo unavyosema sasa, mukubwa. Kesho utakuwa umeenda zako, na huyu avoka atasema fundo iko wapi. Namujua toka akiwa na makamasi."

"Unataka nini?"

"Karani aandike. Kwamba fundo imefunguliwa, na kinga yangu bado, na matairi mapya mawili."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Kanali alimtazama avoka wa Mkubwa, akamtazama Mama Avoka, hakuna aliyepinga. Karani akaandika, akakisoma alichoandika, fundi akamtaka akisome mara ya pili. Kisha mama akafungua fundo. Ilichukua muda, kwa kuwa lilikuwa limekaza kama mfupa, na ukumbi mzima ulimngoja. Alipomaliza aliinua kamba kwenye mwanga. Ndani palikuwa peupe, na nyuzi zimejipinda, sawasawa na zile sehemu tatu.

Mafundo matatu, basi, yalikuwa ya kale kama mengine. Yalifungwa kabla sijarudi, kabla ya soda na spika, wakati wapiganaji wakiwa bado wanatawala barabara. Na kama yasingefunguliwa, hakuna ambaye angeuona ule weupe. Nililieleza hilo katika hoja zetu za mwisho, maana Mama Avoka aliniachia nafasi. Nilisimama dakika ishirini bila karatasi. Nilisema faini haiongezeki kwa sababu umeilipa. Niliona jaji wa pembeni akiliandika hilo neno kwa neno, na nimewasimulia watu wengi tangu hapo, kwa hiyo nalisimulia na hapa.

Siku ya hukumu yaya alivaa shati langu. Kanali alisoma kwa saa nyingi, kwa sauti yake ndogo: kwamba kulikuwa na vita, ingawa wenyeji hulitumia jina hilo kwa vita nyingine, kwamba ile kambi haikuwa korti na haikuwa na haki ya kumhukumu mtu, kwamba mkuu alijua na alinufaika. Kisha akafika kwenye kuchukua mateka. Alipotamka kwamba waliowekwa andakini walikuwa mateka na hawakuwa wafungwa wa kosa lolote, yaya aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mkubwa alipata miaka mingi. Alifunga daftari lake na kupiga chafya.

Korti iliamuru pia fidia kwa waathirika. Hiyo fidia hatujaiona mpaka leo, na kila ninapouliza naambiwa faili iko njiani. Bado nauliza.

Yaya aliniomba nakala ya ukurasa mmoja tu. Niliutafsiri, nikausoma mbele ya chama cha wakulima, ghalani. Mwenyekiti alisikiliza, akauliza kama muhuri ni wa kweli, akaugusa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani. Yaya aliutazama kwa muda, akasema atafikiri. Alifikiri wiki mbili, nao wakasubiri.

Kulikuwa bado na wakopeshaji sita, na kamba ilikuwa kielelezo cha korti, ndani ya bahasha yenye lakiri. Pesa nilikuwa nazo. Mama hakukubali kumlipa mtu pasipo kamba. Noeli ikapita. Fundi alinitangaza njia panda kwamba nimejificha nyuma ya jeshi zima ili nisinunue baiskeli moja. Niliandika barua nne, nzuri sana, na rufaa ya Mkubwa ilipokwisha nikapewa bahasha.

Siku ile sikukodi spika. Walikuja sita, wakakaa uani kwa mama: wawili waliotoa dhahabu yao ya kuchenjua, watatu waliotoa pesa, na fundi. Nilimlipa kila mmoja alichotoa, na mama akafungua mafundo matano, moja moja, bila haraka. Fundi alikuwa na ukurasa wa karani mfukoni, umekunjwa mara nane. Fundo lake lilikuwa limeshafunguliwa, kwa hiyo mama alilifunga upya ili alifungue.

"Kinga yangu iko wapi?" fundi aliuliza.

Tulikuwa tumeinunua Kasongo, mpya, na nilikuwa nimepanga kuileta juu ya pikipiki. Yaya alikuwa amekataa. Tulimsikia kabla ya kumwona, akipiga kengele tangu njia panda, akaingia uani akiiendesha mwenyewe, vidole viwili vimenyooka juu ya breki, ufunguo wa ghala unaning'inia shingoni. Tangu andaki hakuwa amepanda baiskeli. Aliegemeza kinga mbele ya fundi, jasho likimtoka.

Fundi aliinama, akabonyeza tairi la mbele, akabonyeza la nyuma, akazungusha pedali. "La nyuma upepo haitoshi," alisema. "Lakini tuseme imelipwa."

Mama akalifungua fundo la tisa.